Umeuziwa kitu kibovu? Namna ya kupeleka malalamiko mpaka yafanyiwe kazi

Habari zenu wadau. Najitolea kwenye dawati la kupokea malalamiko ya walaji hapa Dar, na kinachoniuma kuliko vyote ni kumwona mtu ana haki yake kabisa, kila aliyepo ofisini anaona kaonewa, lakini hatuna pa kushikia kwa sababu kaja miezi minne baadaye, risiti hana, jina la duka halijui, kitu chenyewe fundi wa mtaani ameshakifungua mara mbili, na ukimuuliza unataka tukusaidie nini anakwambia "nataka wajue mimi sio mtoto". Kwa hiyo naandika hapa yale ninayowaambia ndugu na majirani zangu kila siku. Nazungumzia Tanzania, walioko Kenya na kwingine sheria na ofisi zenu ni nyingine, ila habari ya kukusanya ushahidi ni ileile popote.

Kwanza tuelewane nani ni nani, maana watu wanachanganya sana. Kuna Tume ya Ushindani, wengi mnaijua kama FCC, hii ni ya serikali, ilianzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na ndio yenye meno, inachunguza, inakamata bidhaa feki, inatoza faini. Alafu kuna mabaraza ya watumiaji, yale yenye herufi CCC mwishoni, TCRA CCC kwa mambo ya simu na mawasiliano, EWURA CCC kwa umeme, maji na mafuta, LATRA CCC kwa mabasi na treni, TCAA CCC kwa ndege. Hayo yapo kisheria ila kazi yake sio kuhukumu, kazi yake ni kukusemea wewe mtumiaji, kukusaidia kuandaa lalamiko na kulifuatilia, na hawakutozi hela. Alafu ndio tunakuja sisi wa vyama vya kiraia. Sisi hatuna pingu, hatuwezi kufunga duka la mtu wala kumlazimisha akulipe. Tunachoweza ni kukusikiliza, kukusaidia kuandika barua, kumpigia muuzaji, kuwakalisha meza moja, kukuelekeza mlango unaostahili, na malalamiko ya aina moja yakirundikana kwetu tunayafunga pamoja tunayapeleka kwa mdhibiti, yani ofisi ya serikali inayosimamia biashara au huduma ile, kama EWURA au TCRA. Hilo la mwisho watu hawalioni lakini ndio nguvu yetu kubwa, mtu mmoja akilalamika anaambiwa labda umeme wa kwako ndio mbovu, watu ishirini wakilalamikia friji la aina moja hakuna wa kuwaambia hivyo.

Sasa tuanze pale pesa inapotoka mfukoni. Risiti. Wote tunaujua ule wimbo wa TRA, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na wengi tunaona ni habari ya kodi ya serikali tu, kwa hiyo muuzaji akisema "nikupe na risiti bei inapanda, bila risiti nakupunguzia" tunachekelea. Hapo ndipo unapouza haki yako kwa elfu kumi. Risiti ya mashine ya EFD ina jina la biashara, TIN (namba ya mlipa kodi), tarehe mpaka saa, na kiasi ulicholipa, yani kila kitu ambacho mimi nitakuuliza siku ukija mezani kwangu. Ikague kabla hujatoka mlangoni. Kiasi kilichoandikwa ndicho ulichotoa? Umelipa laki nane risiti inasema laki tatu, siku ya kurudishiwa utarudishiwa laki tatu na huna la kusema. Na bidhaa imeandikwaje, ikiwa imeandikwa "vifaa" peke yake mwambie akuandikie na risiti ya mkono au nyuma ya karatasi, aina ya kifaa, modeli, na ile namba ndefu iliyobandikwa nyuma ya kifaa, agonge na muhuri.

Alafu ile karatasi ya EFD inafutika jamani. Ukiiweka kwenye dashibodi ya gari au pochi inayopigwa jua, baada ya miezi michache unatoa karatasi nyeupe haina hata nukta. Ipige picha siku hiyohiyo, iliyonyooka, yenye mwanga, jitumie mwenyewe WhatsApp au mtumie mwenzio nyumbani, na orijino iweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya waranti. Hii haikuchukui dakika mbili.

Kuhusu waranti, usiridhike kusikia "ina waranti ya miaka kumi bosi". Uliza waranti ni ya duka au ya kampuni, uliza inahusu nini, maana kwenye mafriji ile miaka kumi mara nyingi ni ya kompresa tu, vingine vyote ni mwaka mmoja au chini ya hapo. Hakikisha kadi imejazwa tarehe na kugongwa muhuri palepale, kadi tupu isiyojazwa ni pambo.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho kina uzito mkubwa kisheria na watu hawakijui, mwambie muuzaji unachonunulia kile kitu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji matumizi yako na ukategemea utaalamu wake, basi alichokuuzia kinapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Na bidhaa uliyonunua kwa mtu ambaye biashara yake ndio hiyo inapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Sasa mtu akija kuuliza kwa meseji kabla ya kwenda dukani, "nataka friza ya kugandisha barafu za kuuza, ipi inafaa?" na akajibiwa "chukua hii", ile meseji ni dhahabu. Ila sheria hiyohiyo inasema ukishakikagua kitu, kasoro ambazo ukaguzi wako ulitakiwa kuziona huwezi kuja kuzilalamikia baadaye. Kwa hiyo angalia mikunjo, nyufa, mlango unafunga au haufungi, washa, sikiliza, usiogope kumchelewesha kijana wa dukani.

Na yale maandishi kwenye risiti na ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi"? FCC wenyewe wamelikemea hili mara nyingi hadharani. Muuzaji hawezi kujifutia wajibu wake kwa muhuri wa mpira. Ukiuziwa kitu kibovu, una haki ya kudai. Lakini tuwe wakweli pia, umenunua gauni la kijani, umefika nyumbani umeona la bluu lingekupendeza zaidi, hapo huna madai, hiyo ni hisani ya muuzaji akitaka. Watu wa namna hii wanakuja kwetu na wanakasirika tukiwaambia ukweli, ila ni vizuri kuwaambia, maana tukipeleka lalamiko lisilo na msingi tunaharibu jina kwa lile lenye msingi litakalofuata.

Sasa kitu kimeharibika. Siku ya kwanza ndio siku muhimu kuliko zote. Acha kukitumia, usiite fundi. Najua inauma kukaa na kitu kibovu ndani wakati fundi yuko hapo chini ya mwembe, lakini bisibisi ya fundi ikigusa tu, duka linasema "mmeifungua, waranti imekufa", na wewe huwezi tena kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwemo tangu mwanzo. Toa taarifa siku hiyohiyo. Hili nalo lina sababu ya kisheria, ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kumwambia muuzaji kwamba umeikataa, sheria inahesabu umeikubali. Kwa hiyo hata kama duka liko mbali, tuma meseji, eleza, weka picha.

Ngoja niwape mfano wa dada mmoja muuza juisi na barafu, maana yeye alifanya karibu kila kitu sawasawa. Alinunua friza, wiki ya tatu ikaacha kugandisha. Akaweka chupa tatu za maji ndani usiku, asubuhi akapiga video, anaanza na simu nyingine inayoonyesha tarehe na saa, anaingia kwenye ile plagi, taa ya kijani inawaka, anafungua mlango, anatoa chupa moja moja anazigeuza, maji yanatembea. Alafu akageukia friji la zamani la mama yake lililochomekwa ukuta uleule, akafungua, barafu imejaa. Video haifiki dakika mbili. Duka lilipokuja na ile hadithi ya "umeme wa kwenu mdogo", video ilikuwa imeshajibu. Hakugombana na mtu, alienda dukani mara moja na shahidi, akaongea na msimamizi, akaandika jina lake na alichosema kwenye daftari palepale, alafu akaja kwetu tukaandika barua. Alibadilishiwa kabla hata hatujafika FCC.

Barua ndio watu wanaikimbia, wanasema mimi sijui kuandika kiofisi. Haitaki ukiofisi, inataka vitu vikae wazi. Iweke hivi, weka vyako kwenye nafasi:

"YAH: FRIZA ISIYOGANDISHA, RISITI NAMBA ... YA TAREHE ...

Tarehe ... nilinunua dukani kwenu friza aina ya ..., namba ya kifaa ..., kwa shilingi ... Kabla ya kununua nilimweleza muuzaji kuwa naihitaji kwa ajili ya kugandisha barafu za biashara. Kuanzia tarehe ... haigandishi. Nilitoa taarifa dukani tarehe ... nikazungumza na msimamizi, akanijibu kuwa ...

Naomba mnibadilishie friza nyingine nzima ya aina hiyohiyo, au mnirudishie fedha zangu zote, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipopata majibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya risiti, kadi ya waranti na picha."

Basi. Hakuna matusi, hakuna "mmezoea kutuibia", hakuna historia ya familia. Angalia kwamba inaomba kitu kinachoeleweka na ina tarehe ya mwisho. Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanaeleza maumivu kurasa mbili na mwisho hawasemi wanataka nini. Amua mwenyewe kabla hujaandika, unataka kitengenezwe, kibadilishwe, au hela? Alafu chapisha nakala mbili, moja wape, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kupokea usilumbane, itume kwa EMS ya Posta ubaki na stakabadhi, na ipige picha uitume kwenye namba ya WhatsApp ya duka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo usifute maongezi, na ukibadilisha simu hamisha maongezi kwanza.

Kama tarehe imepita na kimya, sasa ndio unatafuta mlango, na mlango ukikosewa unapoteza wiki kadhaa. Bidhaa ya dukani mbovu, tangazo la uongo, bidhaa feki yenye nembo ya kuiga, mkataba wa kukuonea ambao umeandaliwa na upande mmoja, hiyo ni FCC. Chakula, vipodozi, nondo, nyaya za umeme, chochote ambacho shida yake ni ubora au kimeeksipaya, peleka TBS, Shirika la Viwango, na kumbukeni chakula na vipodozi vilihamia TBS mwaka 2019, zamani vilikuwa TFDA, ambayo sasa ndio TMDA, kwa hiyo bado kuna watu wanaenda huko wanaambiwa sio hapa. TMDA ni dawa na vifaa tiba. Kipimo kimepunjwa, Wakala wa Vipimo. Benki au mtoa mikopo, anza kwa benki yenyewe uchukue namba ya lalamiko, ukikwama nenda Benki Kuu, wana dawati la malalamiko. Bima inakataa kulipa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na mwenye kusimamia kampuni za bima ni TIRA. Kwa simu, umeme, maji na mabasi utaratibu ni huohuo, kwanza kwa mtoa huduma, usikate simu bila kupewa namba ya kumbukumbu, iandike, alafu ndio uende kwa mdhibiti, na CCC wake watakushika mkono njiani. Wadhibiti huwa wanaanza na usuluhishi, mkishindwana ndio linasikilizwa rasmi, na asiyeridhika na uamuzi wa EWURA au TCRA anakata rufaa Baraza la Ushindani, FCT.

Ukisema tu "nilipiga huduma kwa wateja mara nyingi hawakunisaidia" bila namba yoyote, mtoa huduma atasema hajawahi kukusikia, na atakuwa anaongea kweli kwa mujibu wa mfumo wake.

Mafuta niyataje kidogo. EWURA inatangaza bei kikomo, yani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kituo kinatakiwa kiwe na bango la bei linalosomeka. Ukiona bei ya pampu imezidi bei kikomo ya eneo lako piga picha bango, pampu, na risiti. Ukishuku mafuta yamechakachuliwa usiendelee kuendesha ukitumaini yataisha, simamisha gari, andika saa na pampu uliyojazia, na fundi akitoa mafuta kwenye tangi mwambie asiyamwage.

Gesi ya kupikia nataka niielezee vizuri maana hapa akina mama wanapunjwa na wanajilaumu wenyewe kwamba wamepika maharage sana. Mtungi mdogo ni kilo 6, wa kati kilo 15, na hizo kilo ni za gesi peke yake, bila chuma. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, angalia pale juu kwenye ule mkono wa kushikia au kwenye shingo, umegongwa au umepakwa rangi. Tuseme imeandikwa 7.5. Mtungi huo ukiwa na gesi kamili unatakiwa usome kilo 13.5 kwenye mizani. Wakala wa Vipimo wamekuwa wakisisitiza kila anayeuza gesi awe na mizani pale anapouzia, kwa hiyo mwambie kijana apime mbele yako, kabla hajaupakia kwenye bodaboda. Angalia mizani inaanzia sifuri kabla hajaweka kitu, angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya kuonyesha imehakikiwa, angalia na ile sili ya plastiki juu ya valvu haijachezewa. Akisema mizani imeharibika nenda duka la pili. Ukikuta pungufu, picha ya mizani ikiwa na mtungi juu yake, picha ya ule uzito ulioandikwa, jina la duka na eneo, peleka ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako. Lalamiko kama hilo linafanyiwa kazi haraka kuliko mengi, kwa sababu namba zinajisemea.

Ununuzi wa mtandaoni. Ile sheria ya 2015 niliyoitaja inamtaka anayeuza mtandaoni aweke wazi yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa ikoje na bei yake. Duka la Instagram ambalo ukiuliza "mko wapi" wanajibu "tunatuma mikoa yote" hilo sio jibu. Lipa ukipokea inapowezekana. Wakikulazimisha kutanguliza, dai lipa namba yenye jina la biashara, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba yako ya siri lisome, kama duka linaitwa hivi na jina limekuja la mtu binafsi mwingine kabisa, ghairi. Umeshatuma na umeblokiwa? Kabla hujafanya lolote piga skrinshoti za ukurasa wao wote, jina lao la mtandaoni herufi kwa herufi, namba za simu, tangazo lenyewe na bei, maongezi, na meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu, maana wakijua umeenda kushtaki wanabadilisha jina usiku mmoja. Piga simu kwa mtandao wako wa simu haraka, kila saa inayopita hela inatolewa. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma kwenda 15040, bure, inapokelewa na mitandao yote. Na hili ni jinai, nenda polisi ukachukue RB, yani namba ya taarifa yako pale kituoni, sio sisi wa kwanza. Siku ukitulia piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usikute kuna mtu anatapeli watu kwa jina lako.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu, najua humu ndani wapo wanaosoma huku wanapigiwa simu za vitisho sasa hivi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ambazo zilikuwa zinafanya biashara bila leseni. Kabla hujakopa angalia kwenye orodha ya Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni. Ukishakopa na wakaanza kuwatumia ndugu zako na bosi wako meseji kwamba wewe ni mwizi, kuna mambo mawili tofauti hapo. Deni ni deni, kama ulikopa utalipa kilicho halali. Lakini kuchukua majina ya watu kwenye simu yako na kuwasambazia habari zako ni kosa lingine kabisa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa 2022 na tume yake, PDPC, inapokea malalamiko. Waambie wote waliotumiwa wasifute, wakupigie skrinshoti zenye namba iliyotuma na saa. Ukipeleka ushahidi wa watu sita waliotumiwa meseji ileile siku ileile hapo una lalamiko zito, na usione aibu, aibu ndio mtaji wao.

Ukija kwenye dawati kama letu, njoo na nakala, orijino usimwachie mtu yeyote, hata sisi. Tutakusikiliza, tutakuuliza maswali ambayo yatakuudhi, ulitumia plagi gani, ulisoma kijitabu, ulilipa kiasi gani kweli, usitufiche kitu kwa sababu muuzaji hatakificha. Tukipata picha nzima tunampigia muuzaji kusikia upande wake, na niwaambie ukweli, malalamiko mengi yanaishia hapo, kwa simu moja ya heshima, kwa sababu mwenye duka mara nyingi hakuwa anajua kijana wake kamjibu mteja nini. Msipoelewana tunaandika barua kwa jina la chama, tunawaita kikao, mnaandikishana makubaliano. Makubaliano yawe na kiasi, tarehe na sahihi za pande zote. Ikishindikana tunaandaa faili la kwenda FCC au kwa mdhibiti husika. Jua tu kwamba FCC wao wanaangalia soko zima, wanaweza kumchukulia muuzaji hatua na wewe ukawa bado unasubiri hela yako. Kama shida yako ni hela yako tu na muuzaji anajulikana alipo, Mahakama ya Mwanzo ipo, unasimama mwenyewe, unaeleza kwa Kiswahili, na lile bahasha lako la risiti na barua yenye muhuri ndio litakuwa shahidi wako wa kwanza.

Kuna mambo matatu yanaharibu kesi nzuri nayaona kila mara. La kwanza ni kumchafua muuzaji mtandaoni kwa maneno usiyoweza kuyathibitisha, "wezi, matapeli, wachawi", kesho wewe ndio unaitwa polisi. Ukitaka kuwatahadharisha wengine andika kilichotokea tu, tarehe, bidhaa, walichokujibu. La pili ni kusaini karatasi ya "nimelipwa yote sina madai" wakati mkononi umepewa nusu na ahadi ya Ijumaa. Usisaini mpaka hela imeingia. La tatu ni kukubali kitu mbadala bila risiti mpya wala tarehe mpya ya waranti, mwezi unaofuata kikifa unaambiwa waranti ya kile cha kwanza imeisha.

Na ukishalipwa, rudi kwetu utuambie. Watu wakipata hela yao wanapotea, faili linabaki wazi, na sisi tunabaki hatujui kama duka lile lilitimiza ahadi au lilikupiga chenga, na mwingine akija kulilalamikia tunamwambia nini? Mwenye duka akikuomba uje ufute lalamiko kama sharti la kukulipa, mwambie utaandika kwamba umelipwa na umeridhika, na uandike hivyo kweli ukiweka tarehe, ila rekodi ya kilichotokea iache palepale ilipo.